Ujumbe wa hatari una namba gani? Somo la meli za vita kwa watu wa migodi

Kila siku hapa Kapolowe makamyo yanapita kwenye barabara ya Lubumbashi na Likasi. Yale yanayoshuka yanabeba shaba, yanaelekea Kasumbalesa, na kutoka pale yanakwenda bandari za mbali: Dar es Salaam, Beira, Durban, Walvis Bay. Kati ya yale yanayopanda kuna yanayobeba sufri, ile unga ya manjano ya kutengeneza asidi. Bila asidi, viwanda vya shaba na kobalti vinasimama. Sufri nyingi inatoka nchi za Ghuba, na njia yake ni bahari inayopita mbele ya Somalia. Sisi watu wa Katanga hatuoni bahari, lakini bukari yetu inapita kule.

Bahari ile ilichafuka tena. Tarehe 14 Desemba 2023 maharamia wa Kisomali waliteka meli moja ya mizigo, Ruen. Tarehe 12 Machi 2024 wakateka nyingine, Abdullah, ya Bangladesh, yenye watu 23, iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo: jasho la wachimbaji wenzetu. Wakati uleule, kwenye Bahari ya Shamu, Wahouthi wa Yemen walikuwa wanapiga meli za biashara kwa makombora na droni. Mataifa makubwa yakatuma meli za vita. Magazeti na radiyo zilisema sana juu ya mizinga. Zilisema kidogo sana juu ya kitu kinachotangulia mzinga: ujumbe. Nani alipata habari, saa ngapi, na alifanya nini nayo?

Sisi wa sendika tunaandika juu ya jambo hilo, kwa sababu ni letu kabisa. Kuna aksida ambamo jiwe si muuaji peke yake. Jiwe lilikuwa limekwisha kuonekana, mtu alisema, na neno lake likabaki njiani. Majeshi ya majini yamepambana na shida hiyo kwa miaka zaidi ya mia moja, kwanza kwa karatasi, leo kwa programu za kompyuta. Tuangalie walichojifunza, kisha tuulize kwa nini sisi hatujapewa.

Meli mbili za Tanganyika

Mfano wa kwanza ulipita hapa hapa kwetu. Katika vita ya 1914 mpaka 1918, Wajerumani ndio walikuwa wakubwa wa Ziwa Tanganyika, juu walikuwa na meli zenye mizinga. Waingereza wakaleta boti mbili za vita, Mimi na Toutou. Mwaka 1915 zilishushwa Cape Town, zikapanda reli mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zikaendelea mpaka Fungurume. Pale zikashushwa. Vibarua wa Kiafrika wakakata njia porini na kujenga madaraja, boti zikavutwa na mashini za mvuke na ng'ombe mpaka Sankisia. Kutoka Sankisia zikapanda reli tena, zikashuka mto Lualaba, mwishowe zikafika ziwani, pale penye Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikateka meli ya Wajerumani, Kingani.

Sikieni lililofuata. Wajerumani walikuwa ng'ambo, Kigoma. Kingani haikurudi, na kwa wiki sita hawakupata habari ya hakika ya kilichoipata. Mwanzo wa Februari 1916 wakatuma meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ikachunguze. Tarehe 9 Februari ikakutana na walewale walioteka ya kwanza. Hata Kingani yenyewe ilikuwamo, sasa chini ya bendera ya Kiingereza na jina jipya, Fifi. Hedwig ikazamishwa. Meli ya pili ilikufa juu ya ujumbe ambao meli ya kwanza haikuweza kutuma.

Wachimbaji wa mashimo wanaijua hadithi hii bila kusoma kitabu. Mmoja anashuka, hajibu. Wa pili anamfuata kuona kuna nini. Wa tatu anamfuata wa pili. Hewa mbaya mara nyingi haiishii kwa mtu mmoja, kwa sababu wa kwanza hakuwa na njia ya kusema: «Musishuke!»

Karatasi, masikio na namba

Radiyo ilipoingia kwenye meli, watu walidhani shida imekwisha. Kumbe ilibadilika tu. Zamani ujumbe ulikosekana. Sasa ulikuwa mwingi kupita kiasi.

Kazi ilikwenda hivi. Stesheni ya nchi kavu ilitangaza kwa meli zote pamoja, usiku na mchana. Mara nyingi meli ya vita haikujibu, kwa sababu ikijibu adui angejua iko wapi. Kwa hiyo askari wa radiyo alikaa, akapokea kila kitu, akachagua zile zinazohusu meli yake, akapiga nakala, akampa kijana azipeleke kwa maofisa mmoja mmoja. Akichoka ao akisinzia, ujumbe unapita.

Lakini walikuwa na akili mbili za bei rahisi ambazo mpaka leo ni msingi wa programu zote. Ya kwanza ni namba. Kila ujumbe ulipewa namba inayofuatana na ule uliotangulia. Ukipata wa 46 halafu wa 48, unajua palepale kwamba wa 47 umepotea, na unauliza. Bila namba, ujumbe uliopotea haujulikani hata kama ulikuwapo.

Ya pili ni daraja ya haraka. Kwa kanuni za Wamarekani na rafiki zao kuna madaraja manne. Ujumbe wa kwanza kabisa, kwa mfano adui ameonekana, unatakiwa ufike kabla dakika 10 hazijapita. Wa pili, ndani ya dakika 30. Wa tatu, ndani ya saa 3. Ule wa kawaida, saa 6. Barua ya vyakula haiwezi kusimama mbele ya barua ya kifo.

Amri iliyopotea, watu 34

Kanuni nzuri peke yake haikutosha. Juni 1967 kulikuwa vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Meli ya Marekani ya kusikiliza radiyo, Liberty, ilikuwa karibu na pwani ya Sinai. Wakubwa wa Washington waliona hatari, wakatuma amri zaidi ya moja kwamba meli irudi nyuma, mbali na pwani. Zilitumwa saa nyingi kabla ya hatari. Hakuna iliyofika kwa wakati. Moja ilipotelea njia mpaka Ufilipino, upande mwingine wa dunia. Nyingine zilikawia kwenye stesheni za kupokezana, nyuma ya karatasi nyingine.

Tarehe 8 Juni ndege na boti za Israeli zikaipiga Liberty. Watu 34 wakafa, 171 wakaumia. Israeli ilisema ilikosea meli. Ubishi juu ya hilo haujaisha, na si mada yetu leo. Mada yetu ni kwamba amri ya kuwaokoa ilikuwa imeandikwa, imetiwa sahihi, imetumwa. Huyu alituma, yule alipokeza. Swali la kujifunza ni hili: nani aliuliza, «Liberty imepata?»

Wandugu, tusome tena sentensi hiyo. Nani katika mgodi wako ana kazi ya kuuliza kama ujumbe umefika?

Programu inafanya nini hasa

Katika miaka ya 1970 jeshi la majini la Marekani lilianza kutumia kompyuta, ile tunayoita ordinateri, kupokea na kupeleka jumbe. Kwanza kwa stesheni za nchi kavu, kisha, pamoja na setilaiti, ndani ya meli zenyewe. Programu na mashini za melini ziliitwa NAVMACS. Kazi yake haikuwa ya ajabu. Ilisoma kichwa cha kila ujumbe uliotangazwa, ikaacha usiohusu meli ile, ikatoa unaohusu, ikatanguliza wa haraka, na ikaweka hesabu ya namba. Mtu aliyekuwa anachambua lundo la karatasi usiku kucha akapata nafasi ya kusoma ule mmoja wa maana.

Tukifupisha, programu nzuri ya ujumbe inafanya mambo manne. Inachagua: hii ni ya nani? Inapanga: ipi itangulie? Inafuatilia: imefika, imesomwa, na nani, saa ngapi? Na inatunza: kesho mtu asiseme «sikuambiwa».

Bado kulikuwa tundu. Mwaka 1991, katika vita ya Ghuba, mpango wa ndege wa kila siku ulikuwa na mamia ya kurasa, na ulitengenezwa kwenye kompyuta za jeshi la anga. Meli zinazobeba ndege hazikuwa na mashini zinazoelewana na zile. Walifanya nini? Kila siku ndege iliruka kupeleka mpango ule kwa mkono, sawa vile mtoto anapelekwa na barua kwa mjomba. Taifa tajiri kuliko yote, na programu mbili zisizosalimiana. Kununua mashini si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuzifanya zisikilizane, na hapo ndipo wakubwa wa biro mbili wanapoanza kugombana.

Kwenye bahari yetu

Somo la karibu zaidi liko kwenye bahari ya Waswahili. Uharamia wa Somalia ulipopanda, Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni Atalanta, Desemba 2008. Lakini meli za vita zilizofika hazikuwa za Ulaya tu. Wachina walileta zao, Wahindi zao, Wajapani zao, Warusi zao, Wamarekani na rafiki zao wakaja na kundi lao. Mataifa haya hayaaminiani. Hakuna ambaye angefungulia wengine programu yake ya siri. Kwa hiyo meli ya biashara ingeweza kulia msaada, na meli ya vita iliyo karibu zaidi isijue.

Watu wa Atalanta wakaweka programu moja rahisi iitwayo Mercury. Ilipita kwa intaneti, haikubeba siri za jeshi, na haikuwa chini ya amri ya taifa moja juu ya jingine. Ndani yake maofisa waliandikiana maneno mafupi palepale, karibu sawa na WhatsApp, wote wakiona jambo moja kwa saa moja: meli fulani imeona boti mbili za mbio, iko mahali hapa, nani yuko karibu? Wale wanaopokea simu za meli za biashara, kama ofisi ya Waingereza ya UKMTO iliyokuwa Dubai, waliingiza habari humo. Nchi za pwani nazo zilikutana Djibouti tarehe 29 Januari 2009, wakakubaliana kupashana habari, na vituo vya kazi hiyo vikapangwa Mombasa, Dar es Salaam na Sanaa.

Matokeo? Hesabu ya shirika la wafanyabiashara linalofuatilia uharamia, IMB, ilitaja mashambulizi 237 ya Wasomali mwaka 2011. Mwaka 2012 yalikuwa 75. Mwaka 2013, 15. Tusidanganyane: programu haikufanya hayo peke yake. Meli za vita zilikuwa nyingi, meli za biashara ziliweka walinzi wenye bunduki na waya za miba, na maharamia walifungwa Kenya na Visiwa vya Shelisheli. Lakini meli ya vita isiyojua pa kwenda ni chuma tu kinachoelea.

Tena ilionekana mwaka 2024. Meli Ruen iliyotekwa Desemba ilifuatiliwa mpaka jeshi la majini la India likaizunguka. Tarehe 16 Machi maharamia 35 wakajisalimisha, mabaharia 17 wakatoka wazima. Wale 23 wa Abdullah waliachiliwa katikati ya Aprili.

Mtu anayeogopa kujibu

Tusije tukaabudu mashini. Mwishoni mwa Februari 2024, kwenye Bahari ya Shamu, meli ya vita ya Ujerumani, Hessen, ilipiga makombora mawili kwa droni. Wajerumani walikuwa wameuliza rafiki zao: hii ni ya nani? Hawakupata jibu la kuitambua. Kumbe ilikuwa droni ya Wamarekani. Bahati, makombora yote mawili yaliharibika njiani. Tarehe 22 Desemba mwaka uleule, meli ya Marekani Gettysburg ilitungua ndege ya Marekani yenyewe, iliyokuwa ya meli rafiki Harry S. Truman. Marubani wawili waliruka wakapona. Hizi ni meli zenye programu za bei ambayo Likasi nzima haiwezi kulipa.

Kwa hiyo ugonjwa una sura tatu ambazo programu haiponyi. Kwanza, kila mtu akiandika «haraka sana», hakuna tena haraka. Kelele inaficha kilio. Pili, mwenye jibu yuko nje ya mstari: hayumo kwenye programu, ao yumo na hatazami. Tatu, na hili tunalijua sana, aliyepokea anaogopa kujibu, kwa sababu jibu ni kazi, na kazi ile inasimamisha uzalishaji.

Na sisi je?

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya abiria Merdi ilizama Ziwa Kivu, ikitoka Minova, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Hesabu za kwanza zilizotangazwa zilitaja watu 78 waliokufa. Watu wa pwani waliiona ikizama. Usalama wa abiria hauanzi pale watu wanapolia majini. Unaanza kabla kamba haijafunguliwa: kuna mtu mwenye jina anayeambiwa «boti imejaa», na ana nguvu ya kusema «haiondoki». Meli za vita zina programu ya habari hiyo. Boti zetu za maziwani hazina hata kaye.

Sasa tuingie mgodini. Kwenye kampuni kubwa za Haut-Katanga na Lualaba, programu ziko tele. Kamyo kubwa ya kariyeri inafuatwa na kompyuta: imepakia wapi, saa ngapi, tani ngapi, dereva amekaa bure dakika ngapi. Kila mzigo wa kathodi una namba na karatasi yake mpaka bandarini. Lakini mfanyakazi akisema «ukuta huu umepasuka», neno lake linaingia wapi?

Tunajua kampuni moja, hatutaitaja, ambako kapita wa posti ya usiku aliandika kwenye kaye kwamba kuna ufa juu ya njia ya mashini. Asubuhi kapita wa mchana alipokea kaye ile, akatia sahihi bila kuifungua. Siku ya tatu ukuta ukashuka. Mungu alisaidia, ilikuwa saa ya chakula. Ilifunikwa mashini tu. Direksyo ikauliza: «Nani alijua?» Wote walijua. Hakuna aliyepokea.

Mahali pengine wanasema wametupa kundi la WhatsApp la usalama. Tumeyaona makundi hayo. Salamu za asubuhi, neno la Biblia, picha za harusi ya injenieri, na katikati yake: «Breki ya kamyo 14 inashika vibaya.» Watu 60 wameona, kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye anayejibu. Ujumbe wa hatari uliotumwa kwa wote haujatumwa kwa mtu.

Na wale wa kampuni za kukodisha kazi ni vibaya zaidi. Wanatumika ndani ya kariyeri ileile, wanapumua vumbi lilelile, lakini hawamo hata kwenye lile kundi. Ni sawa na meli iliyo karibu zaidi na hatari isiyokuwa kwenye Mercury.

Tunachoomba

Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inataka kuwe na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Pale ndipo mahali pa kuweka mambo haya mezani. Si ndoto za Ulaya. Mengi yanaweza kuanza kesho kwa kaye na biki, programu ikaja nyuma.

Moja: kila ujumbe wa hatari upewe namba inayofuatana, na anayetoa habari abaki na namba yake. Namba ikiruka, tunauliza.

Mbili: kuwe na madaraja ya haraka yenye saa. Ukuta unaopasuka, hewa mbaya, asidi inayomwagika: dakika, si siku. Na daraja ya kwanza iwe wazi kwa kila mtu, hata kibarua wa leo, lakini ilindwe isichezewe.

Tatu: ujumbe uende kwa jina la mtu wa posti ile, si kwa «biro». Akikaa bila kujibu kwa muda uliopangwa, upande wenyewe kwa mkubwa wake. Hapo ndipo programu inashinda kaye, kwa sababu kaye haiwezi kupanda ngazi.

Ine: ujumbe usifungwe mpaka aliyeutoa aambiwe kilichofanyika. «Tumeona» haitoshi. Amri ya kuiokoa Liberty ilitumwa, lakini haikufika kwa wakati.

Tano: delege wa wafanyakazi aone orodha yote, na pasiwe mtu wa kuifuta. Baada ya aksida, orodha ile ndiyo shahidi asiyeweza kutishwa.

Sita: iwe kwa Kiswahili. Kwenye bahari mataifa yalikubaliana lugha moja ya kuandikiana. Kwetu, kibao cha hatari kinaandikwa Kifaransa, Kiingereza ao Kichina, na mtu aliye chini ya jiwe analia kwa Kiswahili.

Kuna neno moja la tahadhari, na madelege walishike vizuri. Programu inayoandika saa ya ujumbe inaweza kuandika pia saa ya mtu kwenda chooni. Tukisaini bila kusoma, tutaomba mlinzi na tutapewa polisi. Kwa hiyo iandikwe kwenye makubaliano: habari za usalama hazitumiki kumkata mtu mshahara ao kumfukuza, na anayesimamisha kazi kwa kuona hatari kweli haadhibiwi hata kama baadaye ilionekana ndogo. Mtu akiadhibiwa mara moja kwa kusema, programu nzima imekufa siku ile, hata kama taa zake bado zinawaka.

Kwa wandugu wachimbaji wa mikono, wasio na kampuni wala direksyo: filimbi shingoni, kamba yenye ishara mliyokubaliana, mtu mmoja juu ya shimo ambaye hana kazi nyingine isipokuwa kusikiliza, na kanuni kwamba hakuna kushuka kumfuata mwenzako kabla ya kujua kilichomkamata. Kumbukeni Hedwig.

Na kwa wamama na watoto: ujumbe una njia ya pili, ile ya kutoka mgodini kuja nyumbani. Leo mke anasikia sokoni kwamba kuna aliyekufa, anakimbia getini, na mlinzi anamwambia asubiri. Muulizeni kampuni: aksida ikitokea, nani mwenye kazi ya kutuambia, na kwa telefone gani? Jibu liwe na jina la mtu.

Mkutano unaofuata wa komite, delege aulize swali moja tu: mwezi uliopita tulipokea jumbe ngapi za hatari, na ya mwisho ina namba gani? Ikiwa mezani hakuna anayeijua namba ile, kazi ya kwanza ya mkutano imepatikana.